Nukta mbili na bahari katikati

Nilikuwa nimefungua ramani ya Asia ya Kusini-Mashariki kwenye kompyuta na kuweka nukta mbili za kijani. Moja niliiweka Selangor, karibu na Kuala Lumpur, kwenye rasi ya Malaysia. Ya pili niliiweka Sabah, kaskazini mwa kisiwa cha Borneo. Baina yake imelala Bahari ya Kusini ya China, na ukipima kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 1,500.

Rafiki yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akainama, akaitazama ramani, akasema, "Ni hapo tu? Basi huyu mdudu ni adimu kweli."

Nilitaka kumjibu ndiyo. Sikuweza.

Wiki kadhaa zimepita tangu siku ile na jambo hili halijaniachia. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimesoma rekodi nyingi za makumbusho kwa sababu yake, na sasa naliandika ili nione lina umbo gani.

Nukta hizo ni mahali walipokamatwa wadudu wawili walioijulisha sayansi spishi ya Semachrysa jade, mmoja wa wale wadudu wembamba wa kijani wenye mabawa ya kimia na macho ya dhahabu ambao usiku huja kwenye taa. Familia yao inaitwa Chrysopidae na ina zaidi ya spishi 1,200. Wakulima wanawathamini kwa sababu lava wao, yaani wale wachanga wasio na mabawa bado, hula vidukari. Humu nitawaita mabawa-kimia.

## Aliyepigwa picha, akaruka zake

Mwaka 2011, mpiga picha Guek Hock Ping alikuwa katika msitu wa hifadhi huko Selangor alipomwona mabawa-kimia mwenye mistari myeusi iliyosukana karibu na mashina ya mabawa, na vitone vya buluu ndani yake. Akampiga picha. Mdudu akaruka, akaenda zake. Picha zikawekwa Flickr, mtandao wa kushirikishana picha.

Huko California, Shaun Winterton, mtaalamu wa kundi hili la wadudu, alizikuta picha hizo kwa bahati. Mabawa ya namna ile hakuwahi kuyaona. Akawauliza wenzake, nao hawakuwahi. Akamwandikia mpiga picha kumuuliza kama bado anaye yule mdudu.

Hakuwa naye.

Habari ingeweza kuishia hapo, spishi mpya ikiwa imeonwa na watu wengi duniani bila yeyote kuishika. Ulipita kama mwaka ndipo Guek alipompata mwingine mahali palepale na safari hii akamhifadhi. Kielelezo kilipelekwa London kwa Steve Brooks wa Natural History Museum. Brooks alithibitisha kwamba sayansi haikuwa ikiijua spishi hiyo. Kisha, ndani ya makabati ya makumbusho hayohayo, kikapatikana kielelezo kingine cha spishi ileile. Kilitoka Sabah, kilikaa pale miaka na miaka, na hakikuwa na jina. Mwaka 2012 watu hao watatu, kila mmoja akiwa kwenye pembe yake ya dunia, waliieleza spishi hiyo katika jarida la ZooKeys.

Wengi walioisimulia habari hii waliisimulia kama maajabu ya intaneti, na ni kweli yalikuwa maajabu. Mimi nilikwama kwenye kielelezo cha pili.

Mtu fulani aliwahi kuwa Sabah na akamkamata mdudu huyu. Alimhifadhi, akaandika lebo, na mdudu akavuka bahari akiwa ndani ya boksi. Kazi yote ngumu ya ukusanyaji ilikuwa imekwisha fanyika. Lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemtambua, ramani ya spishi hii ilikuwa tupu. Nukta ya Sabah ilizaliwa London, kwenye droo, muda mrefu baada ya mdudu mwenyewe kufa.

Fikiria droo nyingine ambazo hazijafunguliwa.

## Nukta moja inadai nini

Zamani nilisoma nukta kwenye ramani kama kauli kuhusu mdudu: anaishi hapa. Siku hizi naiona zaidi kama ushahidi wa mkutano. Mdudu awe amekomaa na awe anaruka usiku huo. Mtu awepo. Awe na taa, na mwezi usiwe mpevu, kwa sababu mbalamwezi kali hupunguza wadudu wanaokuja kwenye mtego wa taa. Katikati ya nondo waliojaa kwenye shuka jeupe, aone sababu ya kumchukua huyu mmoja wa kijani. Aandike mahali na tarehe. Kielelezo kisiliwe na wadudu waharibifu wa makumbusho, kisiote kuvu. Kisha, pengine baada ya miongo kadhaa, aje mtu anayeifahamu familia hii vya kutosha akitazame.

Kiungo kimoja kikikatika, hakuna nukta.

Na mabawa-kimia wenyewe si wepesi wa kukutana nao. Spishi nyingi zinakaa juu vileleni mwa miti, ambako wavu wa mkono haufiki. Wana rangi ya jani. Wengi wao wana sikio dogo kwenye mshipa wa bawa la mbele, karibu na shina lake, linalonasa milio ya popo. Wakiisikia hukunja mabawa na kujiangusha gizani. Anayepiga matawi ya chini kwa fimbo na kukinga kitambaa atapata wa matawi ya chini. Anayewasha taa atapata wanaovutwa na taa. Kila chombo kinachora ramani yake, na ramani hizo hazifanani.

Ongeza na barabara. Nukta za wadudu karibu popote duniani hupenda kujipanga kando ya barabara, kuzunguka vituo vya utafiti, na karibu na miji yenye vyuo vikuu. Ukiitazama ramani ya mtawanyiko kwa makini utaona mdudu na utaona pia mahali gari lilipoweza kufika.

Tena mdudu anaweza kuwa mpita njia. Peter Duelli, aliyewachunguza mabawa-kimia wa jenasi ya Chrysoperla, alionyesha kwamba wanapotoka tu kwenye vifukofuko vyao hutumia usiku wa kwanza na wa pili kuruka na upepo kabla hawajajali chakula wala mwenzi. Si kila spishi ina tabia hiyo, lakini ukimkamata mmoja kwenye taa, lebo yako itataja mahali aliposimama usiku huo. Nyumbani kwake panaweza kuwa pengine kabisa.

Malalamiko kuhusu lebo ni ya kale. Mwanaasili Mwingereza Alfred Russel Wallace, aliporudi kutoka Amazon mwaka 1852, alilalamika kwamba makumbusho yalikuwa yanaandika "Brazil" au "Amerika ya Kusini" na kutosheka, wakati yeye alikuwa ameona nyani wa ng'ambo hii ya mto wakiwa tofauti na wa ng'ambo ile. Jina la nchi lilikuwa linafuta mto mzima. Leo wanasayansi wanaita pengo la maarifa kuhusu mahali spishi zinapoishi kwa jina lake, na sidhani kuna heshima inayomfaa zaidi.

Kompyuta hazijaliziba pengo hilo, zimelibadilisha sura. Lebo iliyoandikwa jina la jimbo tu hugeuzwa kuwa nukta katikati ya jimbo, safi na yenye desimali, mahali ambapo hakuna mtu aliyekanyaga. Rekodi iliyokosa vipimo vyake inaweza kuingizwa kama latitudo 0 na longitudo 0, na mdudu wa msituni akajikuta anaelea kwenye Ghuba ya Guinea. Kosa la baharini huonekana upesi. Lile la katikati ya jimbo ndilo linalonitisha, kwa sababu linafanana na ukweli.

## Jina moja, wadudu wengi

Kuna tabaka jingine la shaka, na hili lilinichukua muda kulikubali.

Chrysoperla carnea alipewa jina na James Francis Stephens mwaka 1836. Kwa muda mrefu alichukuliwa kuwa spishi moja iliyoenea sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, na rekodi zake zilijaa madaftari. Kisha Charles Henry wa Chuo Kikuu cha Connecticut, na wenzake, wakawasikiliza. Hawa wadudu huimba bila sauti ya hewani: hutikisa tumbo, na mtikisiko unapita kwenye jani au shina hadi miguuni mwa mwenzi. Dume na jike hujibizana kwa wimbo, na wimbo usipolingana hawapandani. Nyimbo zikaonyesha kwamba jina moja lilikuwa limefunika kundi la spishi ambazo kwa macho hazitofautiani kirahisi.

Kielelezo cha makumbusho hakiimbi.

Kwa hiyo maelfu ya rekodi za zamani zenye jina hilo zinasema kwa uhakika kwamba mmoja wa kundi hili alikuwepo mahali fulani siku fulani. Yupi hasa, mara nyingi hazisemi. Huyo ndiye mabawa-kimia anayejulikana kuliko wote, anayefugwa na kuuzwa kwa ajili ya mashamba. Nilipolielewa hilo niliacha kushangaa kwamba wale wa msituni wana nukta mbili.

Hata bila nyimbo, kutambua spishi katika familia hii ni kazi ya mikono mitulivu. Kijani hufifia kuwa manjano baada ya mdudu kukauka. Mara nyingi inabidi tumbo likatwe, liloweshwe kwenye potasi hadi liwe angavu, na sehemu za uzazi zitazamwe kwa hadubini. Kisha kipande hicho kihifadhiwe ndani ya kichupa kidogo cha gliserini pamoja na kielelezo. Mwenye kuifanya kazi hiyo vizuri anaweza kuhamisha nukta kumi kutoka spishi moja kwenda nyingine kwa wiki moja, bila kutoka nje ya chumba. Longinos Navás, padri Mjesuti wa Hispania aliyefariki mwaka 1938, alieleza mamia ya spishi za oda hii ya wadudu, yaani kundi kubwa ambalo familia ya mabawa-kimia imo ndani yake; watafiti waliomfuata wametumia miaka mingi kubaini zipi ni spishi kweli na zipi ni majina mapya ya wadudu waliokuwa na jina tayari. Kila jina linalounganishwa na jingine hubadilisha ramani mbili kwa mpigo. Spishi iliyokuwa "adimu" inatoweka, na ya kawaida inapata nukta moja zaidi.

## Picha au mwili

Hapa ndipo nilipobishana na nafsi yangu kwa muda mrefu zaidi.

Sipendi kuua mdudu. Nilipoisoma habari ya Selangor kwa mara ya kwanza, sehemu iliyonigusa ni ile ya mwanzo: mtu anaona kiumbe mzuri, anampiga picha, anamwacha aende. Nilitamani ingetosha. Picha ilionyesha alama za mabawa vizuri kuliko kielelezo chochote kilichofifia, ilikuwa na tarehe, ilikuwa na mahali, na ilifika California kabla posta haijafungua boksi. Na ikiwa spishi ni adimu, si ndiyo sababu kubwa ya kutoigusa?

Kilichonisogeza ni kisa cha binamu yao mkubwa, Polystoechotes punctata. Huyu si wa kijani na si wa familia hii, lakini ni wa oda moja nao. Zamani alipatikana sehemu nyingi za Amerika ya Kaskazini, kisha akapotea upande wote wa mashariki. Mwaka 2012 Michael Skvarla, aliyekuwa akisomea uzamivu katika jimbo la Arkansas, Marekani, alimwona mdudu mkubwa kwenye ukuta wa nje wa duka la Walmart mjini Fayetteville. Akamchukua, akamhifadhi, akamwekea jina la kundi jingine. Ilipofika mwaka 2020, akifundisha kwa njia ya mtandao katika chuo kikuu cha Penn State, alimweka chini ya hadubini mbele ya wanafunzi na wote wakaona kwamba sifa hazilingani na jina. Vipimo vya vinasaba vikathibitisha. Ilikuwa rekodi ya kwanza ya spishi hiyo mashariki mwa Amerika ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka 50.

Jina lilikuwa limekosewa kwa miaka minane. Lebo haikukosea hata siku moja.

Hilo ndilo lililonigeuza. Mwili wenye lebo unastahimili kutoeleweka. Unaweza kupewa jina baya, ukasubiri, na siku mtu mwenye swali bora akija bado una miguu ya kuhesabu, mishipa ya mabawa ya kufuata, na vinasaba vya kupima. Picha hujibu maswali ambayo mpiga picha alijua kuyauliza, pamoja na machache ya bahati. Picha za Selangor zilikuwa na bahati hiyo, maana alama za yule mdudu zilikuwa za pekee. Mabawa-kimia wengi hawana alama kama hizo. Ukiwapiga picha kutoka juu unapata kijani, mabawa, na shaka.

Hata hivyo shaka yangu haijaisha yote. Kwa mdudu mwenye idadi ya kawaida, mmoja aliyechukuliwa hana uzito mbele ya msitu unaokatwa. Lakini kuna spishi ambazo huenda zimebaki katika bonde moja, na hapo sitamlaumu anayerudisha wavu. Msimamo nilioufikia ni huu: achukuliwe mmoja, apigwe picha akiwa hai, lebo iandikwe kikamilifu, apelekwe kwenye mkusanyo wa umma, na baada ya hapo rekodi za mahali hapo ziwe za picha mpaka liwepo swali linalohitaji zaidi.

Mkusanyo wa umma nao si ngome. Tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Museu Nacional, makumbusho ya taifa ya Brazil huko Rio de Janeiro, na sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa wadudu ikaangamia. Kwa spishi iliyojulikana kwa kielelezo kimoja tu, usiku mmoja wa moto unatosha. Ndiyo maana picha za vielelezo, nakala za lebo na vipimo vya vinasaba vihifadhiwe mbali na mwili wenyewe. Nilianza nikidhani nachagua kati ya picha na mwili. Sasa navitaka vyote viwili, katika majengo mawili tofauti.

## Adimu kwa namna gani

Narudi kwenye zile nukta mbili.

Mwaka 1981 mtaalamu wa mimea Deborah Rabinowitz alitenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya wanapoiita spishi adimu. Je, eneo lake ni dogo au kubwa? Je, inataka makazi ya aina moja tu au ya aina nyingi? Je, popote inapopatikana ni wachache au ni wengi? Majibu yanaunda michanganyiko minane, na saba kati yake ni uadimu wa namna fulani. Mmea unaoota kwenye mlima mmoja kwa wingi na mmea ulioenea bara zima mmojammoja yote ni adimu, lakini hatari zinazoikabili hazifanani na tiba zake hazifanani.

Jaribu maswali hayo kwa jade, na kitu kinageuka.

Kama vielelezo vyote viwili vingetoka Selangor, kila mtu angesema eneo lake ni dogo. Kielelezo cha Sabah kilinyoosha eneo hilo kwa zaidi ya kilomita 1,500 kwa kufungua droo moja. Kwa swali la kwanza, basi, nukta mbili zilizoachana namna ile zinaelekeza upande ambao rafiki yangu hakuutegemea: mdudu huyu huenda ameenea sana. Uchache wa nukta unasema jambo moja, umbali kati yake unasema jingine, na tulipokuwa tunaitazama ramani ile macho yetu yalikuwa yamehesabu bila kupima.

Swali la tatu ndilo zito. Wachache au wengi? Hapo nukta hazisemi chochote, kwa sababu kwenye maswali matatu ya Rabinowitz inabidi niongeze la nne langu, nalo linatuhusu sisi: je, anakutana nasi? Mdudu anayeishi juu vileleni, asiyependa taa, anayeruka kwa majuma machache ya mwaka, anaweza kuwa wengi na bado akawa na nukta mbili.

## Bahari ilipokuwa nchi kavu

Kuna usiku niliiacha hesabu ya nukta nikaanza kuitazama bahari yenyewe.

Ni bahari isiyo na kina kirefu upande ule wa kusini. Miaka takriban 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefungia maji mengi ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa kama mita 120. Rasi ya Malaysia, Sumatra, Java na Borneo vilikuwa nchi moja, inayoitwa Sunda, yenye mito ambayo mabonde yake bado yanaonekana kwenye sakafu ya bahari. Wanasayansi wanabishana kuhusu katikati ya nchi ile, kama ilikuwa na msitu mzito au ukanda wa mbuga zenye miti michache. Kwa mdudu wa msituni tofauti hiyo ni kubwa, kwani inaamua kama babu zake waliweza kupita au walisimama ukingoni.

Inawezekana basi kwamba nukta zangu mbili ni ncha za kitambaa kilichozamishwa. Maji yalipanda, katikati ikafunikwa, na pande mbili zimeishi mbalimbali tangu hapo. Ikiwa ni hivyo, hakuna mtafutaji atakayeweka nukta baharini, na pengo hilo ni la haki. Mapengo mengine hayana udhuru huo. Sehemu kubwa ya rasi iko juu ya maji. Sarawak na Brunei, huko Borneo, ziko juu ya maji. Sumatra iko juu ya maji. Utupu wa huko unaweza kuwa wa mdudu, au wa mtu ambaye hajawasha taa, au wa msitu uliokatwa na kupandwa michikichi kabla ya mtu yeyote kufika na wavu. Kwenye ramani, utupu wa aina zote tatu una rangi moja.

Hilo ndilo lililokuwa linanisumbua tangu mwanzo, na ilinichukua wiki zote hizi kulitamka. Ramani haina namna ya kuonyesha mahali mtu alipotafuta akakosa.

## Usiku mtupu

Chukua mfano. Tuseme msitu fulani una jade, na kwa kila usiku wa taa una nafasi moja katika kumi ya kumpata. Ukikaa usiku 10, bado kuna asilimia 35 hivi kwamba utaondoka mikono mitupu, naye akiwa juu yako muda wote. Ili ushuke chini ya asilimia 5 inabidi ukae usiku 29. Wachache sana wanakaa usiku 29 mahali pamoja kwa ajili ya mdudu mmoja asiyeuma, asiyeuzwa na asiyeharibu mazao.

Lakini usiku 29 si lazima uwe wa mtu mmoja. Unaweza kuwa wa watu kumi katika miaka sita, kila mmoja akiwa amekwenda kwa shughuli zake za nondo au kombamwiko. Wakiwa wameandika, tunajumlisha. Mbinu za takwimu za kukadiria uwepo wa spishi kutokana na ziara zilizorudiwa, zilizopata msingi imara tangu mwaka 2002, zinafanya kazi hiyohiyo: zinachukua kuonekana na kutoonekana na kutenganisha "hayupo" na "hatukumwona". Zinahitaji usiku mtupu. Bila huo hazina cha kufanyia kazi.

Na usiku mtupu hauandikwi. Mtu anarudi, anaosha shuka, anasema hakukuwa na kitu. GBIF, hifadhidata kubwa ya kimataifa ya rekodi za viumbe hai iliyoanzishwa mwaka 2001, ina rekodi zaidi ya bilioni 2, nyingi zikiwa za ndege, na kwa sehemu kubwa ni rekodi za kuonekana. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Spishi isiyokuwa na nukta haiingii kwenye mpango wa hifadhi, haitajwi kwenye tathmini kabla ya barabara kujengwa, haina wa kuisemea msitu ukigawanywa. Na hata kuitangaza kuwa imetoweka, vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, vinadai utafutaji wa kina, katika makazi yake, kwa nyakati zinazofaa, kote ilikowahi kuwepo, bila kumpata hata mmoja. Yaani hata kifo cha spishi kinahitaji madaftari ya watu waliokosa.

Kinachonipa nguvu ni kwamba chombo kipo tayari. Darwin Core, lugha ya pamoja ambayo makumbusho na hifadhidata hutumia kubadilishana rekodi, ina mahali pa kuandika kwamba spishi ilitafutwa na haikuwepo, na pia mahali pa kueleza juhudi: njia gani, muda gani, eneo gani. GBIF inapokea data za namna hiyo. Nafasi hizo zimeachwa wazi kwa sababu tumejifunza kuona aibu ya kurudi bila kitu, na nadhani aibu hiyo imetunyima ramani nyingi nzuri kuliko moto wowote.

Usiku mmoja mtupu unachukua mistari michache. Mahali, kwa vipimo vilivyosomwa palepale, na kiasi ambacho vipimo hivyo vinaweza kukosea. Tarehe. Saa taa ilipowashwa na ilipozimwa. Aina ya taa na urefu wake kutoka ardhini, maana taa iliyopandishwa vileleni ni utafutaji tofauti na taa ya chini. Mwezi ulikuwaje, mvua ilinyesha lini. Mabawa-kimia wengine waliokuja, hata kama ni wale wa kila siku, kwa kuwa kuja kwao kunathibitisha kwamba usiku ule mabawa-kimia walikuwa wanaruka. Kisha mstari wa mwisho: Semachrysa jade, alitafutwa, hakupatikana, pamoja na jina la aliyetafuta.

Ningependa kuanza kuiona mistari hiyo kutoka misitu iliyobaki ya Pahang, kwenye rasi, na ya Sarawak.